Kuulizwa Mara ya Pili

Mume wangu Gervasi anajua maana zote za neno fine la Kiingereza. Ukitaka kugombana naye, mwambie kwamba maana yake ni nzuri, basi, imeisha. Atakuweka kitako akueleze mpaka ugali upoe. Ni mwalimu wa sekondari hapa Haydom, na mwaka jana, mahindi yakiwa yanakauka shambani, alipangiwa kufundisha mbele ya wageni wa elimu kutoka Mbulu. Akachagua kufundisha neno hilo moja kipindi kizima. Nikamwambia, "Mwalimu, neno moja tu? Watoto watasinzia." Namwita Mwalimu nikiwa na hasira naye, na siku hizi namwita hivyo mara nyingi. Akanijibu kwamba mimi sijui lugha. Kweli sijui, mimi nauza vitenge sokoni, lakini mtu aliyekaa mbele yangu namsoma vizuri tu.

Wiki hiyohiyo ndipo dada yake alipokuja.

Letisia ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki kule milimani Mbulu, Gervasi akiwa hajaanza hata shule. Letisia alikuwa ameshaolewa Gendabi, upande wa Hanang. Akaja msibani, akamchukua mdogo wake, akaenda naye kwa mumewe. Mashemeji walinung'unika, yeye akaziba masikio. Alimsomesha kwa mbuzi na kwa alizeti. Mumewe alipokufa alibaki palepale na ng'ombe wake wachache, jirani na boma la Mzee Gidamis, mfugaji mmoja wa Kibarbaig, mkimya sana. Watoto wa kuzaa Letisia hakujaliwa. Kwa hiyo akisema "mwanangu," anamaanisha mume wangu.

Alishuka kwenye basi la Katesh jua likiwa kali, kuku kwapani, ndoo ya dengu kichwani. Mimi nilikuwa na mimba kubwa, nikatoka najiburuta kumpokea.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba, mama. Hee! Tumbo limekuwa mlima Hanang."

Tukacheka. Alipokuwa anaingia akakanyaga beseni la nguo lililokuwa pembeni mwa mlango, maji yakamwagika yote. Akasema jua la barabarani limemtia giza machoni, nimsamehe. Nikamwambia wifi usijali, beseni lenyewe nimeliweka njiani. Nilimwamini kabisa, na hapo nani asingeamini?

Sasa niwaeleze jambo la kwetu, maana wengine hamlijui. Kwetu mgeni haulizwi shida mlangoni. Ukimsalimia, kila kitu ni kizuri. Nyumbani wazima, ng'ombe wazima, shamba zuri, hata kama nyumba imeungua jana. Huwezi kumtupia mtu msiba amesimama na mwiko mkononi. Mgeni anakaa, anakunywa, anakula, anapumzisha miguu. Halafu mwenye nyumba anasogeza kigoda karibu, anauliza upya kwa sauti ya chini, "Haya, habari za huko?" Hapo ndipo mgeni anafungua neno lake. Asipoulizwa mara ya pili anajua nyumba hii leo haina masikio, na anaondoka na neno lake vilevile. Na wa kuuliza ni ndugu wa damu. Mimi mke wa mtu siwezi kumrukia wifi yangu na maswali kabla ya ndugu yake. Ningeitwa mdomo mrefu mpaka Gendabi.

Jioni Gervasi akarudi. Alifurahi, siwezi kumsingizia. Alimkumbatia dada yake mpaka kitambaa cha kichwani kikaanguka.

"Shikamoo dada! Habari za Gendabi?"

"Nzuri."

"Mifugo?"

"Wazima."

"Mzee Gidamis?"

"Mzima, anakusalimu."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mzima tu, mwanangu."

"Safi sana!" Akapiga makofi. "Dada, umekuja wakati wenyewe. Tukimaliza kula unakuwa mwanafunzi wangu."

Jamani, tulikula kwa kukimbizwa. Hata mkono sijanawa vizuri, ameshabandika karatasi ya manila ukutani, ametukalisha mimi na dada yake kwenye kochi, yeye amesimama mbele. Akachota unga wangu wa ugali, ule niliouchekecha mwenyewe, akamwekea dada kiganjani.

"Unga huu ukoje?"

Letisia akausugua kwa vidole. "Laini."

"Mwingereza anasema fine. Na manyunyu ya Mbulu, yale yanakulowesha bila hata kuyasikia?"

"Yakoje?"

"Fine! Na uzi mwembamba wa kudarizi? Fine. Na siku isiyo na wingu? Fine. Na dume la Mzee Gidamis, lile lililonona likaachwa la mbegu?"

"Usiniambie na lenyewe."

"Fine!"

"Ala!" Letisia akajipiga paja. "Mwingereza ni maskini kiasi hicho? Unga na dume la ng'ombe wanagawana neno moja?"

Tulicheka mpaka mtoto tumboni akageuka. Mimi nikamuuliza, na ile faini ambayo mgambo wanatutoza sokoni, mbona hujaiweka? Akasema hiyo si sifa ya kitu, ni jina la kitu, nisimvurugie somo. Nikamwambia, sawa, na mtu akichoka kubishana akakwambia haya basi, fine, fanya utakavyo? Akasimama kidogo, akafikiri, akaiandika kwenye manila. Wageni wa Mbulu waliisifia sana hiyo, na mimi asante sijapewa mpaka leo.

Kisha akamgeukia dada yake, akanyoosha kola ya shati. "Letisia, how are you?"

Nilishtuka. Kumwita dada yako mkubwa kwa jina, tena mwanamke aliyekulea? Hata kwa mchezo haifai. Letisia hakukasirika. Akafundishwa jibu neno kwa neno. "Ai em fain." Tena. "Ai em fain." Kwa sauti, wageni wa nyuma wasikie. Akasema kwa sauti, na mume wangu akamwandikia alama ya vema hewani.

Kilichobaki ni kusogeza kigoda. Nikaondoa vyombo polepole makusudi, nikaenda jikoni, nikafunga mlango ili wawe peke yao. Nikatega sikio. Nikasikia nini? Namsikia Gervasi, "Dada, ile ya hali ya hewa niianze, au niimalizie nayo?" Mwalimu wewe! Nilitamani nimrushie sufuria.

Kesho yake alifundisha, na somo likampendeza kila mtu. Alirudi na walimu wenzake, na soda, na nyama ya mbuzi. Sebule ikajaa. Akamshika dada yake bega mbele yao wote, akasema, "Huyu ndiye aliyenisomesha. Bila huyu ningekuwa nachunga." Alisema hivyo kwa moyo. Walimu wakapanga mstari kumsalimia. Shikamoo mama, habari za Gendabi, nzuri, habari za safari, nzuri, za mifugo, wazima. Letisia alijibu yote amekaa kwenye kiti cha pembeni, soda yake ameishika kwa mikono miwili. Hakuinywa mpaka ikaisha gesi.

Wageni walipoondoka nilimvuta mume wangu nyuma ya nyumba, kwenye banda la kuku.

"Gervasi, dada yako hajatoka Gendabi kuja kunywa soda. Muulize."

"Si nimemuuliza mbele yako? Amesema mzima."

"Umeuliza ya mlangoni."

"Tekla, yule ni kama mama yangu. Akiwa na shida atasema. Haya mambo yetu ya kuzunguka mbuyu ndiyo yanatuchelewesha. Wenzetu wakiulizwa wanajibu, kazi inaendelea."

"Wenzetu wapi? Wewe umezaliwa wapi?"

Akacheka, akanishika shavu, akaenda kusahihisha madaftari. Niliudhika, lakini miguu ilikuwa imevimba na sikuwa na nguvu ya kugombana, nikaenda kulala.

Asubuhi iliyofuata Letisia akasema anarudi, ng'ombe wana mtu wa kuazima tu. Gervasi alikuwa ameshawahi shule. Nikamsindikiza stendi. Njia nzima nimeuma ulimi, mwisho nikasema liwalo na liwe, nikavunja adabu.

"Wifi, ulikuja na neno?"

Akafunga upya mtandio wake. "Neno lilikuwepo."

"Niambie mimi."

"Wewe umebeba mtoto, nikubebeshe na langu? Lile ni la kwake. Ataniuliza mwenyewe."

Akapanda basi akitafuta ngazi kwa mguu. Nilimwambia Gervasi mchana huohuo, na safari hii alinisikiliza. Uso ulimshuka. Akasema likizo ikifika tu, tunaenda Gendabi, anakaa na dada yake siku nzima. Na mimi nikaridhika. Nasema ukweli, niliridhika, nikaona yamekwisha.

Likizo ikafika, akaitwa kusahihisha mitihani. Baadaye nikajifungua, tukampata Loveness wetu, na nyumba ikawa nepi na vilio. Halafu mvua ikakata barabara. Akawa anapiga simu. "Dada, mzima?" "Mzima." "Mifugo?" "Wazima." "Nitakuja dada." "Karibu, mwanangu." Kwenye simu huwezi kusogeza kigoda, mtu anajibu amesimama kwenye kichuguu anatafuta mtandao. Kila akikata simu alikuwa ananitazama, na mimi nilikuwa simsaidii. Nilikuwa najikunja na mtoto wangu nisimwangalie.

Siku moja akapiga Mzee Gidamis. Yule mzee Kiswahili chake ni cha kuhesabu, na simu haipendi. Gervasi akaweka sauti ya nje.

"Mwalimu. Hujambo."

"Sijambo mzee, shikamoo."

"Marahaba. Mvua nzuri. Ng'ombe wazima. Dada yako mzima."

Halafu tukasikia upepo tu, na kengele ya ng'ombe. Mume wangu akakaa chini sakafuni, simu mbele yake, akauliza taratibu, "Haya, mzee. Habari za huko?"

"Nimefunga kamba," akasema Gidamis. "Kutoka mlango wake mpaka zizini. Ingine mpaka chooni. Anashika, anakwenda. Njoo."

Tuliondoka asubuhi yake. Basi mpaka Katesh, kisha bodaboda mbili kwenye tope, mimi na Loveness mgongoni. Kamba tuliziona kabla ya kumwona mwenyewe. Ni zile za kufungia ndama, zimeunganishwa vipandevipande, zimefungwa kwenye vigingi usawa wa kiuno, na katikati zimeshaanza kung'aa kwa kushikwa. Letisia alikuwa mlangoni anapepeta maharage. Pikipiki zilipozima akainua uso.

"Nani?"

Mungu wangu. Tumesimama mbele yake, hatua chache, mchana kweupe.

"Ni mimi, dada. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Habari za Haydom?" Na macho yake yalikuwa mazuri tu, hayana doa, yanaangalia juu ya bega la mume wangu.

Aliuliza zote. Za safari, za shule, za mke, za mtoto. Gervasi akajibu nzuri, nzuri, wazima, kila moja anaitoa kwa shida. Nikamwekea Loveness mapajani. Akampapasa kichwa, masikio, vidole vya miguu, akamnusa shingoni, akasema mtoto ana afya. Mke wa Gidamis akaleta maziwa. Tukanywa. Hakuna aliyeharakisha. Ndipo mume wangu akachukua kigoda, akakisogeza mpaka magoti yao yakagusana.

"Haya, dada. Habari za huko?"

"Sasa ndiyo unauliza," akasema Letisia.

"Ndiyo."

"Basi nitakwambia, ingawa limeshachacha."

Akaeleza. Madaktari wa macho walipita pale zahanati, wakampima. Wakamwambia ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshaondoka, la kulia bado lina mwanga wa kati, pembeni giza. Wakasema aende hospitali afanyiwe upasuaji mapema, hilo moja liokolewe, na asiende peke yake. "Na mimi ni mjane," akasema. "Kwetu mjane hakatwi mwili kabla ndugu yake wa kiume hajasema ndiyo. Nikaja kwako unipe hiyo ndiyo. Tena niliogopa, mwanangu. Kisu kwenye jicho! Nilitaka unishike mkono mpaka mlangoni kwao, ukae hapo nje, nikitoka nikukute."

Kutoka nyumbani kwetu mpaka hospitali, jogoo wetu akiwika wanamsikia. Sikusema hivyo. Gervasi alikuwa anajua mwenyewe.

Kesho yake tulimbeba tukarudi naye Haydom, na hatukupitia nyumbani, tulienda moja kwa moja hospitalini. Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwangalia kwa taa na vyombo vyake, akamwangalia tena. Akatuambia taratibu kwamba ugonjwa huu ukishachukua haurudishi. Gervasi akauliza kama ingekuwa mwaka jana, mwezi wa mahindi kukauka. Nilimkanyaga mguu ili asiulize, akauliza hivyohivyo. Daktari akatazama meza, akasema huenda wangeliokoa.

Tukatoka nje, tukamkalisha Letisia kwenye benchi. Watu wa mabasi walikuwa wanapita na mizigo yao na wagonjwa wao. Mume wangu alibaki amesimama.

"Dada, ulikuwa kwangu. Ulilala kwangu, ulikula kwangu. Mbona hukunipigia kelele? Mbona hukunichapa hata kofi?"

"Nilikungoja," akasema Letisia. "Jioni ya kwanza sikukulaumu. Ulikuwa unarukaruka pale mbele na unga mikononi, na mimi nilikuwa na haka kajicho kamoja. Nikasema neno litangoja, nimwangalie kwanza huyu mtoto. Una upara unaanza mbele, ulikuwa unajua? Nikakuangalia mpaka ukamaliza. Siku ya pili nikangoja, hukuuliza. Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Nilitaka kukunyang'anya kuku wangu nirudi naye." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaisha. "Kwenye basi nikalia mpaka Basotu. Halafu nikasema, basi. Nimeshamwona."

Gervasi akageuka, akaenda mpaka kwenye bomba la maji upande wa pili, akashika ukuta kwa mikono yote. Alilia bila sauti, mabega tu yanapanda na kushuka.

"Tekla, anafanya nini?"

"Analia, wifi."

"Yuko wapi?"

Kabla sijajibu, Letisia akanyoosha mkono kumtafuta. Akaunyoosha kule sauti ya mdogo wake ilikokuwa mwanzo, na kule hakukuwa na mtu. Vidole vikafunguka, vikapapasa hewa, vikasogea kidogo, vikangoja.

Gervasi aligeuka akauona ule mkono. Akaja mbio, akapiga magoti chini kwenye vumbi, palepale ulipokuwa, akaweka kichwa chake chini ya kiganja cha dada yake.